Unapopita Lango la Wagomaji, Unaenda Kufanya Kazi ya Nani?

Madaktari wa umma wanapogoma, lango la Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri halifungwi. Wagomaji hukaa nje na firimbi na vuvuzela, na watu huendelea kuwapita: muuguzi wa zamu ya asubuhi, tabibu, mhudumu wa maabara, mpishi, mlinzi wa kampuni ya nje, na daktari mmoja mmoja aliyeamua kuingia. Mpita njia atasema wote hao wamewasaliti wenzao. Mimi hushughulika na mizozo ya kazi, na naona kuwaita wote wasaliti ni kosa linaloudhuru mgomo wenyewe.

Sheria kwanza. Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Cha 37 kinamruhusu yeyote kukusanyika, kuandamana na kusimama langoni akiwasihi wenzake wasiingie, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Kusihi kunaruhusiwa, kuzuia hakuruhusiwi. Anayemfungia mwenzake njia au kumpokonya koti la kazi amekosa, hata kama mgomo wenyewe ni halali kabisa.

Mgomo huwa halali lini? Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka mzozo uhusu masharti ya kazi au kutambuliwa kwa chama, upatanishi uwe umejaribiwa ukashindikana, na ilani ya maandishi ya siku 7 iwe imetolewa. Hayo yakitimia, mwajiri hawezi kukufuta kazi kwa sababu umegoma, ingawa halazimiki kukulipa siku ambazo hukufanya kazi. Yasipotimia, mgomaji anahesabiwa kuwa amevunja mkataba wake. Kipo pia kipengele ambacho wanachama wengi hawakijui: chama hakiruhusiwi kumfukuza wala kumnyima haki mwanachama aliyekataa kushiriki mgomo usiofuata sheria. Kwa hiyo, kabla ya kumwuliza jirani yako kama ataingia, mwulize katibu wa tawi akuonyeshe ilani. Mwulize pia kama kuna amri ya korti, kwa sababu mambo hugeuka kwa siku moja. Mnamo Februari 13, 2017, viongozi 7 wa chama cha madaktari, KMPDU, walihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja kwa kutotii amri ya Mahakama ya Leba. Mahakama ya Rufaa iliwaachilia siku 2 baadaye.

Hospitalini mambo ni mazito zaidi. Sheria hiyohiyo inaorodhesha huduma za hospitali miongoni mwa huduma muhimu ambazo wafanyakazi wake hawapaswi kugoma. Hata hivyo madaktari waligoma siku 100, kuanzia Desemba 5, 2016 hadi Machi 14, 2017, wakidai mkataba uliotiwa saini 2013 utekelezwe. Mwaka 2024 waligoma tena kwa siku 56, safari hii malipo ya madaktari wanagenzi yakiwa kiini cha ugomvi. Serikali inayosaini mkataba kisha ikaukalia kwa miaka mitatu haina uso wa kumwambia daktari kwamba sheria inamkataza kugoma.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi huniuliza. Kila kada ya afya ina chama chake: madaktari wana KMPDU, wauguzi KNUN, matabibu KUCO. Sheria inakataza mgomo wa kuwaunga mkono wengine, yaani kugoma kwa sababu ya mzozo ambao wewe si mhusika. Muuguzi akibaki nyumbani kwa kuwahurumia madaktari, yeye mwenyewe amejiweka hatarini, na KMPDU haina namna ya kumkinga. Kwa hiyo anapolipita lango la Nyeri, au la Embu, au la Kerugoya, wakati madaktari wako nje, anafanya kile sheria inachomtaka afanye. Mwaka 2017 ulionyesha jinsi zamu zinavyogeuka. Madaktari walirudi kazini Machi, na mnamo Juni 5 wauguzi wakatoka, wakakaa nje hadi Novemba. Daktari aliyekuwa akiimba langoni Februari alijikuta Juni akiwapita wauguzi walioketi palepale.

Je, alikosea? Inategemea alienda kufanya kazi ya nani. Akiingia kuwaona wagonjwa wake, kuandika dawa na kupasua anayepaswa kupasuliwa, hajamsaliti mtu. Lakini msimamizi akimwambia agawe dawa za wodi nzima, achome sindano za usiku na afunge vidonda ili kaunti itangaze kwamba huduma zinaendelea kama kawaida, basi anaombwa awe muuguzi ili muuguzi asisikilizwe. Hapo ana haki ya kukataa kwa adabu, na mimi ningemshauri akatae.

Ila mgonjwa akiwa kati ya uhai na kifo, hesabu hiyo inaachwa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana muda wa kungoja gavana na chama waelewane. Yeyote mwenye ujuzi aingie amwokoe, awe mgomaji au asiwe, na asiaibishwe na yeyote. Ngiri isiyoleta maumivu inaweza kungoja. Ndiyo maana nawasihi viongozi wa matawi wakae na wasimamizi ndani ya zile siku 7 za ilani na kuandika kwa majina: majeruhi wa ajali, kina mama wa uzazi, watoto mahututi, wanaosafishwa figo, na nani atawahudumia kila zamu. Daktari anayeingia kwa orodha hiyo anaingia kwa niaba ya mgomo. Orodha isipokuwepo, kila mtu huachiwa aamue peke yake saa nane za usiku.

Na niseme waziwazi lile linalosemwa kwa minong'ono. Wakati wa migomo, wagonjwa wa Kieni, Mukurwe-ini na Mathira hukimbilia hospitali za misheni kama Consolata Mathari na PCEA Tumutumu, na zile za binafsi. Wanaoajiriwa huko hawajavuka mstari wowote. Wanabeba mzigo mkubwa. Lakini daktari wa serikali anayegoma mchana na jioni akatibu kwa malipo katika hospitali ya binafsi, akimpokea mgonjwa yuleyule aliyefukuzwa na mgomo wake, ananiuma zaidi kuliko muuguzi yeyote aliyepita langoni.

Mstari wa wagomaji unaweza kuvukwa hata kwa ndege. Siku chache baada ya mgomo wa siku 100 kuisha, Rais Magufuli wa Tanzania alikubali ombi la Kenya la kupatiwa madaktari 500. Madaktari wa Kenya walienda kortini, wakiuliza vipi serikali iagize wa nje ilhali wako Wakenya waliosomea kazi hiyo na hawajaajiriwa. Korti ikasimamisha mpango. Aprili 2017, Tanzania ikawaajiri yenyewe madaktari 258 waliokuwa wameomba kuja. Siwalaumu waombaji hao. Mtu aliyekaa na shahada bila kazi hutafuta popote. Lawama ni ya mwajiri aliyetaka kutumia njaa ya huyu kunyamazisha dai la yule.

Njaa hiyo iko pia karibu nasi. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma walipogoma kuanzia Septemba 17 hadi Novemba 5, 2025, wakidai malimbikizo ya shilingi bilioni 7.9, mgomo uligusa Karatina, Dedan Kimathi, Chuka, Embu, Kirinyaga na Meru. Mfikirie mhadhiri wa muda, anayelipwa kwa saa alizofundisha, tena kwa kuchelewa. Kumtaka asimame na wagomaji ni kumtaka aache mlo wa watoto wake kwa ajili ya mkataba usiomtaja. Akifundisha somo lake mwenyewe, namwelewa. Akikubali kusahihisha mitihani ya mgomaji, nitamwambia anaikata kamba anayoishikilia mwenyewe.

Mfanyakazi wa kudumu asiye mwanachama hana udhuru huo. Mkataba wa pamoja ukisainiwa humfaidi kila aliye katika ngazi husika, mwanachama na asiye mwanachama, na ndiyo sababu sheria inaruhusu asiye mwanachama akatwe ada ya wakala. Akipokea nyongeza iliyoletwa na mgomo, anajua iligharimu mishahara ya kina nani.

Wakati mwingine hata vyama vyenyewe havielewani. Agosti 2024, chama cha walimu cha KNUT kilisitisha mgomo mkesha wa kufungua shule, kile kingine cha walimu, KUPPET, kikaendelea nao. Katika shule za msingi zenye sekondari msingi, walimu wa boma moja walitakiwa wengine wafundishe na wengine wabaki nje. Wa KNUT waliofundisha walitii chama chao. Kosa lingekuwa kushika chaki katika madarasa ya wenzao.

Ukiamua kuingia, waambie wenzako kabla, uso kwa uso, unaingia kufanya nini na nini hutafanya. Hii ni miji midogo. Yule uliyempita Jumatatu mtaketi benchi moja kanisani Jumapili, na mko naye katika sako moja. Ukiamua kubaki nje, hakikisha jina lako liko katika daftari la chama, kisha siku ya kutia saini mkataba wa kurudi kazini, soma kipengele kinachosema hakuna atakayeadhibiwa kwa kugoma. Angalia kama kinamtaja kila aliyegoma au wanachama peke yao.