Pikipiki ya safari ndefu: kabla hujatuma hiyo pesa, piga hesabu hii

Mteja wetu mmoja wa Kanyakine, kule Imenti Kusini, alituuliza swali lililoonekana rahisi. Amepata pikipiki kubwa ya safari, iliyotumika, inauzwa Nairobi kwa shilingi 310,000. Kwenye simu ana 320,000. Akajaribu kutuma, ikakataa. Afanye nini?

Jibu la haraka ni kwamba muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na kwa siku huwezi kupitisha 500,000. Basi anaweza kutuma mara mbili siku hiyo hiyo. Tungeweza kuishia hapo. Lakini tulipomuuliza anaenda wapi na hiyo pikipiki, akasema Loiyangalani, Ziwa Turkana, halafu awe anaitumia kwenda Embu kila mwisho wa mwezi. Tukaona tuongee kidogo, maana akilipa hiyo pesa anabaki na 10,000, na safari haijaanza.

Tuanze na njia, pikipiki baadaye. Kutoka Kanyakine unapanda Meru, unateremka Isiolo, kisha unashika barabara ya Moyale. Ni lami safi. Isiolo hadi Merille peke yake ni kilomita 136. Mambo yanabadilika Laisamis, pale unapoacha lami. Kutoka hapo hadi Sarima ni kilomita 208 za changarawe, barabara iliyoboreshwa ili kusafirisha mitambo ya umeme wa upepo, na Loiyangalani iko mbele zaidi. Ukienda na kurudi Sarima tu, ni kilomita 416.

Sasa angalia tangi. Bajaj Boxer BM 150, ile ile unayoiona stejini imebeba ndizi, ina tangi la lita 11. Tuseme inakupa kilomita 40 kwa lita: unafika 440. Royal Enfield Himalayan yenye injini ya cc 411 ina tangi la lita 15. Tuseme inakupa 30 kwa lita: unafika 450. Tofauti ni kilomita 10! Wengi hudhani pikipiki kubwa inaenda mbali zaidi bila kuongeza mafuta, kumbe si lazima. Na hesabu zote mbili zinabana, kwa sababu ukiwa na mzigo na upepo wa kule unakupiga kifuani, mafuta yanaisha haraka. Utahitaji kubeba lita kadhaa za akiba. Pia toa pesa taslimu ukiwa Isiolo. Kuna sehemu ndefu hazina mtandao, na anayekuuzia mafuta kwa chupa hatakungoja mpaka ujumbe wa malipo uingie.

Faida ya pikipiki kubwa iko kwingine. Shokabzoba zake zinameza mawe, gurudumu la mbele la inchi 21 linapita juu ya mashimo badala ya kuingia ndani, na ukiwa kwenye lami injini hailalamiki saa nzima. Hizo ni sababu nzuri za kuinunua. Lakini Himalayan hiyo ina uzito wa karibu kilo 200. Kabla hujalipia pikipiki ya aina hiyo, muombe muuzaji muilaze chini, mahali pasafi, halafu uinue peke yako. Usipoweza hapo, kwenye mchanga bila mtu wa kukusaidia utaweza? Kiti nacho kipime: miguu ifike chini ukiwa umevaa viatu vya safari.

Jambo ambalo sisi tungelipa uzito kuliko yote ni spea. Ulizia Kanyakine, Nkubu, Meru mjini na Isiolo: nani ana tyubu ya inchi 21? Nani ana kebo ya klachi ya hiyo pikipiki? Ya Boxer au TVS utaipata karibu kila kituo, na fundi anaifungua akiwa anapiga stori. Ya pikipiki kubwa huenda ikabidi uagize Nairobi na ungoje gari la mizigo. Hilo halikukatazi kuinunua. Linamaanisha tyubu mbili, kebo, pedi za breki na cheni viingie kwenye bei kabla hujasema umeimudu.

Tukizungumzia breki: anayekwenda Embu kila mwezi anapita Daraja la Nithi, na mteremko ule kila mtu wa Meru anaujua. Jaribu breki za mbele na nyuma mwenyewe, si kwa maneno ya muuzaji.

Kwa hivyo, kwenye 320,000, ushauri wetu ulikuwa atenge kwanza pesa ya bima, helmeti nzuri, tairi, spea na mafuta, aiweke kwenye akaunti yake ya akiba, na kinachobaki ndicho kitafute pikipiki. Tulikisia 80,000. Inabaki 240,000, ambayo kwa bahati inapita kwa muamala mmoja.

Halafu lile la mwisho, ambalo tulimsihi sana. Muuzaji alitaka nusu ya pesa “ashikilie” pikipiki, itumwe kwa namba ya mtu mwingine. Usitume. Omba kwanza rekodi ya NTSA kupitia eCitizen. Ada yake unalipa kwa paybill 222222. Linganisha jina la mwenye pikipiki na jina linalotokea kwenye simu yako kabla ya kuweka PIN. Angalia kama kuna mkopeshaji aliyeandikwa pamoja naye. Kisha nenda ukasome namba ya chesisi na ya injini kwenye chuma chenyewe. Muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake mkiwa mmekaa pamoja, ndipo ulipe.

Mteja wetu aliomba rekodi hiyo. Namba ya injini ilikuja tofauti na ile ya kwenye picha alizotumiwa, na alipouliza, muuzaji akaacha kupokea simu. Pesa yake bado anayo. Sasa anaangalia pikipiki ya cc 200 iliyoko Meru mjini, na Jumamosi anaenda kujaribu kuiinua.