Safari ya Namugongo: Mtoto Huyu Yuko na Nani?

Kila Mei inapokaribia kwisha, mabasi ya kukodi huegeshwa kando ya barabara ya Namanga mjini Kitengela, kioo cha mbele kikibandikwa karatasi yenye neno moja: NAMUGONGO, mahali pa hija ya Mashahidi wa Uganda, karibu na Kampala. Akina mama wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, wamependeza kwa vitenge vya sare, wanakwaya wanagombania viti vya dirishani, na vidumu vitupu vya kuletea maji ya baraka vinagongana kwenye buti. Katikati ya vurumai hiyo hakosi kuwapo msichana au mvulana wa miaka 13 au 14, begi la shule mgongoni, ambaye mamake hasafiri. Amemwachia “watu wa jumuiya”.

Tatizo huanzia hapo. Watu wa jumuiya ni wengi, na kila mmoja hudhani mtoto yuko na mwenzake.

Kitengela ni mji wa wahamiaji. Wengi walifuata kazi za viwanda vya Athi River, au ploti ambazo bei yake ilikuwa nafuu kuliko za Nairobi. Nyanya yuko Siaya, shangazi yuko Kitui. Mzazi anayefanya kazi ya zamu hapati ruhusa ya siku nne, ingawa mwanawe amekuwa akiweka akiba ya nauli tangu Januari. Basi jirani anayesali naye katika Jumuiya Ndogo Ndogo ndiye hugeuka kuwa ndugu. Ni desturi nzuri, mradi jirani huyo awe mmoja, ajulikane kwa jina, na akubali mwenyewe kabla basi halijawashwa.

Kalenda nayo ina mtego wake. Juni 1 ni Madaraka, kwa hivyo watu wazima hujipatia siku moja ya bure. Lakini kilele cha hija ni Juni 3, katikati ya muhula wa pili. Mwalimu mkuu asiyeambiwa mapema atakuwa akiandika “hayupo” kwenye rejista wakati mtoto yuko nchi nyingine.

Halafu kuna mpaka. Tangu 2014, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa, na ndiyo maana viongozi wengi wa msafara huona Busia kama kituo cha kunywea chai tu. Husahau kwamba Kenya humpa kitambulisho aliyetimiza miaka 18. Wa miaka 14 anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Ni busara pia abebe nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya wazazi iliyoambatanishwa na nakala za vitambulisho vyao. Barua isiyosema lolote zaidi ya “namruhusu mwanangu asafiri na kanisa” haisaidii sana. Inayofaa hutaja jina la mtoto kama lilivyo kwenye cheti, jina la mlezi na nambari ya kitambulisho chake, tarehe za kwenda na kurudi, mahali watakapolala, na simu ya mzazi ambayo itapokelewa hata saa nane za usiku. Chanjo ya homa ya manjano nayo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, kwa hivyo anayekimbilia kliniki siku moja kabla ya safari amechelewa.

Ofisa wa uhamiaji akimgeukia mtoto na kumuuliza, “Huyu ni nani wako?”, wengi kwenye foleni hunung'unika. Wanamwonea. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inampa anayepatikana na hatia kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Anayetorosha mtoto pia anaweza kujiita “anti”. Na tangu Aprili 2023, miili ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, hadi ikazidi 400, wakiwemo watoto wengi, hakuna mzazi Mkenya anayepaswa kuonekana hana imani kwa sababu tu ameuliza kanisa maswali mengi.

Ajabu ni kwamba hadithi ya Namugongo yenyewe inahusu jambo hili hili. Karoli Lwanga, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa msimamizi wa wahudumu wa ikulu ya Kabaka Mwanga, na aliwakinga wadogo wasitumiwe kwa tamaa za mfalme. Mdogo wao kabisa alikuwa Kizito, wa miaka ipatayo 14. Lwanga alimbatiza kule Munyonyo hukumu ilipokaribia, na mapokeo yanasema alimwahidi kumshika mkono saa hiyo ikifika. Walichomwa moto pamoja na wenzao Juni 3, 1886. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu Oktoba 18, 1964. Mahubiri mengi husimulia kwa kirefu habari za moto na kupita haraka juu ya sababu iliyomfanya Lwanga asimame kati ya mfalme na watoto.

Leo basilika iliyojengwa kwa umbo la nyumba ya asili ya Waganda, yenye nguzo 22, huzungukwa na umati usiohesabika. Mtoto kupotezana na wenzake hapo ni jambo la kawaida. Nambari ya simu iliyoandikwa kwa biro mkononi hufutwa na jasho kabla ya misa kwisha. Ni afadhali karatasi iliyoshonewa ndani ya kola. Mabasi kutoka Kenya hufanana, kwa hivyo mtoto akariri nambari ya usajili, si rangi. Akumbuke pia 116, simu ya bure ya watoto inayofanya kazi Kenya na hata Uganda.

Usiku ndio unaohitaji macho zaidi. Mahujaji hulala kwenye mikeka uwanjani au kwenye madarasa ya kuazimwa. Msichana alale karibu na mlezi wa kike, na pasiwe na mtu mzima yeyote, awe katekista au mwimbaji hodari, anayebaki peke yake na mtoto chumbani. Choo nacho huendewa wawili wawili. Pesa ni suala dogo, ingawa mia tano za Kenya zikigeuka kuwa karibu elfu 14 za Uganda, kijana hujiona tajiri na kumnunulia kila rafiki rolex, ile chapati iliyoviringwa na mayai.

Kwa kwaya zinazoenda Arusha badala ya Kampala, safari ni fupi, na kituo cha pamoja cha Namanga, kilichofunguliwa rasmi Desemba 2018, kimo ndani ya kaunti yao ya Kajiado. Ila Tanzania haimo katika mpango ule wa vitambulisho: hata mtu mzima huhitaji pasipoti au hati ya muda. Mlezi aliyezoea Busia akifika dirishani na kitambulisho peke yake, yeye ndiye atakayelichelewesha basi, huku mtoto mwenye pasipoti akimsubiri kwenye benchi.