Mahindi Uani, Mawingu Mlimani

Wengine wenu mnaotusikiliza kutoka mbali huenda mnaijua Chaka kama mahali pa kusimama na kunywa chai tu, kando ya barabara kuu itokayo Karatina kwenda Nanyuki. Leo twataka mkae nasi juma zima, lile juma la mwezi wa Oktoba ambalo jua huchoma asubuhi na mvua hunyesha alasiri, siku baada ya siku. Ni juma la furaha, na tena ni juma la wasiwasi. Wasiwasi wenyewe umelala pale uani: mahindi.

Kwanza tuseme kidogo juu ya hewa. Watu wa Ulaya huona joto lao mwezi wa Juni na Julai. Kwetu Julai ni mwezi wa sweta nzito, manyunyu na kukaa karibu na moto wa jikoni. Joto na mvua hutujia pamoja, kwa maana jua hupita juu ya Ikweta mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, na mvua hufuata nyuma yake kwa majuma machache. Nasi hatuko hata nusu digrii kusini ya mstari huo, ambao unapita pale Nanyuki. Wazee wetu Wakikuyu waliita mvua ya kwanza mvua ya njahi, na ya pili mvua ya mwere, kwa majina ya mazao yake. Ingawa huo mwere, yaani mawele, siku hizi ni nadra kuuona shambani.

Lakini je, mbona mvua ingoje alasiri? Utazame mlima. Alfajiri Kirinyaga iko wazi, hata barafu yake inaonekana. Jua likishaipasha miteremko joto, hewa iliyo karibu na ardhi huwa nyepesi, ikapanda juu pamoja na unyevu uliotoka Bahari ya Hindi. Kule juu ni baridi, maana kilele kina mita 5,199, na unyevu ule hugeuka kuwa mawingu. Kufika saa nne mlima umekwisha kujifunika. Saa nane au saa tisa twasikia radi. Ndiyo sababu asubuhi yenye jua kali mno mara nyingi ni dalili ya mvua kubwa: jua lenyewe ndilo lililoipika.

Na sisi wa Kieni hatuna ruhusa ya kuinung'unikia mvua. Upande wa kusini na mashariki wa mlima hupata nyingi kuliko sisi tulio katikati ya Kirinyaga na Nyandarua, ambako milima yote miwili hutuzuilia. Basi mwezi wa Septemba twaiomba mvua kwa ajili ya maharagwe na viazi, na ikija Oktoba, mahindi tuliyoyapanda Machi au Aprili bado hayajakauka. Twaomba mvua na jua katika sala moja. Bwana anaelewa, lakini kazi ya kukimbia na turubai ametuachia sisi.

Siku yenyewe huenda hivi. Ng'ombe hukamwa kungali giza, na maziwa hupelekwa upesi barabarani, kwa kuwa joto huyachachusha na matope humchelewesha mwenye pikipiki. Kupe nao huzidi majira haya, hivyo siku ya kunyunyizia dawa haisahauliwi. Kisha kila mtu atazama uani. Usitandaze mahindi mapema. Ungoje umande ukauke, kama saa tatu hivi. Uyatandaze juu ya turubai au mkeka, wala si juu ya udongo mtupu, maana kuvu hukaa udongoni. Yawe membamba, kama unene wa vidole viwili, na mtoto ayageuze mara kwa mara. Na saa sita, hata kama jua lawaka na jirani anakucheka, anza kuyakusanya. Mahindi yaliyokauka nusu yakinyeshewa mara moja tu, kazi ya siku tatu imepotea.

Jumapili ina taabu yake. Jua zuri ni lile la saa za ibada, na mhubiri akiongeza mafungu mawili katika hotuba yake, twaona macho ya akina mama yakielekea dirishani. Sisi hatuwalaumu. Twaona ni vizuri majirani wapokezane: nyumba moja ibaki na kulinda nyua tatu juma hili, na nyingine juma lijalo. Hilo ni bora kuliko kuyafungia mahindi mabichi ndani ya gunia kwa sababu ya kwenda kanisani.

Kwa maana hapo ndipo penye hatari. Mwaka wa 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, mvua ilikuja kabla ya wakati wake mahindi yakivunwa. Watu waliyaweka nyumbani yakiwa na unyevu. Kuvu ikaota, ikatoa sumu iitwayo aflatoksini. Watu 317 waliugua ini, na 125 kati yao wakafa. Wengi kwetu husema hiyo ni shida ya nchi za joto, nasi ni watu wa mlimani. Ni kweli kwamba kuvu ile hupenda joto. Lakini gunia lenye mahindi yenye unyevu hujitengenezea joto lake lenyewe, tena ziko kuvu nyingine zenye sumu zisizoogopa baridi yetu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kuchemsha ugali au githeri hakuiondoi.

Mahindi yakitoka shambani huweza kuwa na unyevu unaopita asilimia 20. Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao haipokei yanayozidi asilimia 13.5. Mzee atauma punje na kusema yamekauka, meno hudanganya. Iko njia nyingine isiyohitaji mashine. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na chumvi kavu. Tia mahindi vipimo vitatu na chumvi kipimo kimoja, funga, utikise kwa dakika chache, kisha uiache itulie robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado. Ikianguka yote chini, yako tayari kwa ghala.

Lakini tuseme umechelewa, na juma limekwisha, na sehemu ya mahindi imegeuka rangi na kunuka uvundo. Hapa ndipo moyo hujaribiwa. Kila gorogoro ni fedha, na karo ya shule haingoji. Wengine husema, tuwape ng'ombe. Lakini sumu hupita ndani ya maziwa, na maziwa hunywewa na watoto. Wengine husema, tuyachanganye na mazuri tumuuzie mwenye kinu. Unga huo utaliwa na mtu tusiyemjua. Wako hata wanaoona gunia hilo lafaa kwa sadaka ya mavuno, kwa kuwa limekwisha kutolewa na halitapikwa nyumbani. Sisi twasema gunia la sadaka, gunia la soko na gunia la jikoni yapimwe kwa chupa moja. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi na zilizovunjika zichambuliwe kwa mkono, zikafukiwe au zichomwe. Inauma, hasa kwa mjane mwenye robo eka, na washirika wa kanisa wanaojua hivyo waweza kumjazia pengo kabla hajashawishika.

Juu ya kuhifadhi, akina nyanya walijua. Ikumbi lao liliinuliwa juu ya miguu, likafumwa kwa fito ili upepo upite. Kibanda cha leo cha kukaushia magunzi kifuate desturi hiyo, kisizidi mita moja kwa upana. Mahindi yaliyopukuchuliwa yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Magunia yasiyopitisha hewa ni mazuri dhidi ya dumuzi, lakini ni kwa mahindi makavu tu. Na baada ya juma moja, kama gunia lako ni la kawaida, tia mkono mpaka katikati. Ukikuta joto kuliko nje, kata kamba uyamwage tena juani asubuhi ile ile, hata kama ni siku ya soko la Karatina.