Bandari ya Musoma na Njia za Mazao ya Tarime na Serengeti



Kila msimu wa karafuu unapokaribia, mazungumzo ya barazani hurejea pale pale: gati na meli. Mmoja husema lau gati lingekuwa kubwa zaidi, mkulima angepata zaidi. Mwingine husema lau meli zingekuwa nyingi, taabu zetu zingekwisha. Ni kweli kwamba bandari ni kitu kikubwa kwa watu wa visiwani, lakini bandari peke yake haimtajirishi mkulima. Ili jambo hili lifahamike vizuri, tumeona inafaa tueleze habari za bandari moja ya bara, mbali na sisi, ambayo ilijengewa gati la maana na kupewa meli nzuri, kisha shehena ikaihama. Bandari hiyo ni Musoma.

Mahali ilipo

Musoma ni mji mkuu wa Mkoa wa Mara, nao uko ukingoni mwa Ziwa Victoria upande wa mashariki, karibu na mahali ambapo Mto Mara huingia ziwani. Katika nchi iliyo nyuma ya mji huu ziko wilaya mbili ambazo ndizo khasa tunazotaka kuzitaja. Ya kwanza ni Tarime, nchi ya vilima na baridi, iliyopakana na Kenya. Wenyeji wake, Wakurya, hulima mahindi, ndizi, maharage na kahawa, na hufuga ng'ombe. Ya pili ni Serengeti, ambayo makao yake ni Mugumu. Huko hulimwa mahindi, mtama, muhogo, pamba na tumbaku, na upande wake wa mashariki umepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Baina ya Tarime na Serengeti hupita Mto Mara, ambao hutoka katika milima ya Mau huko Kenya. Kwa hivyo mtu wa Tarime akitaka kupeleka mzigo wake Musoma kwa barabara, hana budi auvuke mto huo. Zamani alivuka kwa kivuko pale Kirumi. Siku hizi pana daraja. Na huko juu zaidi ya mto pana daraja jingine, linaloziunganisha Tarime na Serengeti. Mtu aliyezoea daraja hulisahau, lakini mtu aliyelala ng'ambo siku mbili na gunia zake akingoja kuvuka hawezi kusahau.

Meli zilizochukua mabehewa

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo meli za ziwani zilikuwa zikizunguka bandari kwa bandari, zikikusanya mazao na kuyapeleka Kisumu ili yapakiwe garini. Mwaka 1928 reli nyingine, iliyotoka Tabora, ilifika Mwanza. Hivyo Musoma ikawa baina ya milango miwili: kaskazini Kisumu, penye njia ya Mombasa, na kusini Mwanza, penye njia ya Dar es Salaam. Yenyewe haikupata reli, wala haina hata leo.

Katika miaka ya 1960 Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki lilileta ziwani meli mbili za namna mpya, Uhuru na Umoja. Meli hizi zina reli ndani yake. Behewa lililokwisha pakiwa husukumwa likaingia melini, meli ikavuka ziwa, na upande wa pili behewa likatoka na kuendelea na safari bila ya mzigo kuguswa. Faida ya jambo hili kila mkulima ataiona. Mzigo kila unapopakuliwa na kupakiwa tena, kuna ujira wa wachukuzi, kuna gunia kupasuka, kuna mvua, na pengine kuna mikono isiyo mwaminifu. Ukipunguza kupakua, umepunguza hasara.

Musoma nayo ilijengewa gati la mabehewa, sawa na Kisumu na Mwanza. Lakini hapa pana tofauti kubwa ambayo msomaji aitie maanani. Kisumu na Mwanza behewa liliposhuka liliendelea na safari yake kwa reli. Musoma behewa liliposhuka halikuwa na pa kwenda. Mzigo ulipakuliwa pale pale bandarini ukatiwa katika malori. Kwa hivyo Musoma ilikuwa kama kituo cha mwisho cha reli za miji mingine, na uzima wake ulitegemea meli ziendelee kuja kutoka huko.

Yaliyotokea mwaka 1977

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwezi wa Februari mwaka huo mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Reli, bandari na meli zilizokuwa za nchi tatu zikagawanywa. Uhuru ikawa ya Kenya, na Umoja ikawa ya Tanzania.

Na tumtazame mkulima wa Tarime katika siku hizo. Mji wa Tarime uko karibu zaidi na Kisii na Kisumu kuliko Mwanza. Mpaka ulipofungwa, soko lililokuwa jirani likawa haliendeki kwa njia ya halali. Mzigo wake ulipasa ugeuzwe kichwa, uende kusini mpaka Mwanza, na kutoka huko ushike reli mpaka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Shamba lake halikubadilika, mvua haikubadilika, wala bidii yake haikupungua. Kilichobadilika ni njia tu. Lakini njia ilipobadilika, hesabu yake yote ilibadilika.

Tena njia ya halali inapokuwa ndefu na ya gharama, na njia ya magendo ikawa fupi, wako watu watakaofuata ile fupi. Sisi wa Unguja na Pemba hatuna haja ya kuelezwa zaidi, maana twajua habari za karafuu zilizovushwa usiku kwa mashua kwenda pwani ya Kenya. Hatusemi haya ili kuwatetea wenye magendo. Twasema ili ifahamike ya kuwa mahali penye njia mbovu au ya kuzunguka, magendo huota kama magugu.

Barabara ya lami na Makutano

Mpaka ulifunguliwa, na baadaye Jumuiya ikarudishwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999. Bila shaka msomaji atauliza: je, Musoma ilirudia hali yake ya zamani? Jibu ni kwamba haikurudi, na sababu yake ni barabara.

Siku hizi barabara kuu ya lami hutoka Mwanza, ikapita Bunda, ikavuka Mto Mara pale Kirumi, ikapita Tarime na kufika mpakani Sirari. Ng'ambo ya mpaka ni Isebania, na barabara huendelea mpaka Kisii na Kisumu. Barabara hii haipiti ndani ya mji wa Musoma. Mwenye kwenda Musoma huiacha pale Makutano na kushika tawi la kuelekea ziwani. Kwa hivyo lori lililopakia mahindi Tarime laweza kwenda Mwanza, au likavuka Sirari, bila ya dereva wake kuiona bandari ya Musoma kwa macho.

Mfanyabiashara hana kosa katika jambo hili. Lori humfuata mwenye mazao mpaka mlangoni, huondoka siku lilipojaa, na hushusha mzigo mlangoni kwa mnunuzi. Meli ni rahisi zaidi kwa kila tani, lakini hungoja shehena nyingi na siku maalumu, na mzigo hauna budi upakiwe mara mbili au tatu. Penye reli nyuma ya gati, meli hushinda. Pasipo na reli, lori hushinda. Mwaka 2018 meli ya Umoja ilirudi kazini kuchukua mabehewa, lakini ilikwenda baina ya Mwanza na Port Bell huko Uganda, maana Mwanza ndiko kwenye reli.

Njia ya mashariki

Watu wa Mara wametamani kwa miaka mingi njia ya kwenda moja kwa moja mashariki, mpaka Arusha na bandari ya Tanga. Reli ya Tanga imefika Arusha tangu karibu mwaka 1930, na kuiendeleza mpaka Musoma kumezungumzwa mara nyingi, lakini haijajengwa. Ilifikiriwa pia barabara kuu ya kutoka Arusha kupita Loliondo na Mugumu mpaka Musoma.

Lakini njia hiyo ingekata kaskazini ya Hifadhi ya Serengeti kwa kilomita 53 hivi, mahali ambapo nyumbu zaidi ya milioni moja hupita kila mwaka wakifuata majani na maji ya Mto Mara. Ilihofiwa ya kuwa malori ya mchana na usiku yangewaua na kuwazuia wanyama. Shauri lilipelekwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 2014 mahakama ikaizuia Serikali kujenga barabara ya lami kukata hifadhi hiyo.

Jambo hili lina pande mbili, na haki ni kuzitaja zote. Wanyama wale ni mali ya nchi na huleta fedha nyingi za watalii. Wakishapotea hawanunuliki tena. Na mkulima wa Mugumu naye ana haki ya kupata njia ya kupeleka mazao yake sokoni na mgonjwa wake hospitali. Lililobaki ni kuzitengeneza vizuri njia zilizo nje ya hifadhi. Ile ya kutoka Makutano kupita Natta kwenda Mugumu imekuwa ikitiwa lami vipande kwa vipande kwa miaka mingi, na ile ya Tarime hata Mugumu nayo imeanza kutiwa lami. Kwa mkulima wa huko, kipande kimoja cha barabara hizi kina faida ya karibu kuliko gati jipya.

Nani hulipa?

Hapa ndipo penye shina la maneno yetu. Watu wengi hudhani gharama ya njia mbovu hulipwa na mwenye lori. Sivyo. Hulipwa na mwenye shamba. Tuseme, kwa mfano tu, gunia la mahindi huuzwa mjini kwa shilingi 60,000. Njia ikiwa nzuri, mchukuzi hutaka shilingi 5,000, na mkulima hubaki na 55,000. Mvua ikiharibu njia, mchukuzi hutaka shilingi 15,000, maana gari lake litakwama na kuvunjika. Bei ya mjini ni ile ile, kwa hivyo mkulima hubaki na 45,000. Mwenye lori amekwisha pata fidia yake, na mnunuzi hakuongeza kitu. Zile shilingi 10,000 zimetoka mfukoni mwa mtu aliye mwisho wa njia.

Tufanye nini sisi?

Sasa turudi kwetu. Karafuu hununuliwa na Shirika la ZSTC katika vituo vyake, kwa bei iliyotangazwa. Mwanachama aliye karibu na kituo na yule aliye ndani kabisa mashambani hulipwa bei moja kwa daraja moja la karafuu. Lakini hawabaki na fedha sawa, kwa sababu wa mbali amekwisha lipa ng'ombe, gari au mchukuzi kabla hajafika kwenye mizani. Tena karafuu yake ikinyeshewa njiani huota ukungu na kushuka daraja, na hasara ikawa mara mbili. Gati la Mkoani hata likipanuliwa mara tatu, halitamrudishia mtu huyu hata senti yake moja, ikiwa njia ya kutoka shambani kwake ni tope tupu.

Hatusemi bandari isitengenezwe. Twasema ya kuwa njia ya mazao ni kama mnyororo, nao hukatika pale palipo dhaifu. Musoma ilikuwa na gati na meli, ikakosa kinachofuata nyuma ya gati. Sisi nasi tutazame mnyororo wetu ni dhaifu wapi kabla ya kuomba.

Kwa hivyo twashauri mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama aandike katika msimu ujao ni fedha ngapi amelipa kuchukua karafuu zake kutoka shamba mpaka kituo, kwa kila kilo. Pili, kila tawi likutane kabla ya vuno na kutaja kipande kimoja cha njia kilicho kibaya kuliko vyote, kwa jina la mahali na urefu wake, badala ya kulalamika kwa jumla kwamba njia ni mbovu. Tatu, vipande ambavyo wanachama wenyewe waweza kuvitengeneza kwa majembe na mawe, kama kuchimba mtaro wa maji, vitengenezwe kabla ya mvua. Na vile vinavyoshinda nguvu zetu vipelekwe kwa wakubwa vikiwa na hesabu zake.

Mwenye hesabu mkononi husikilizwa kuliko mwenye manung'uniko. Tuanze kuandika msimu huu.