Ujiji: Urithi Unaotudai Kumbukumbu



Wageni wengi wanaofika Ujiji huoneshwa mnara uliopo chini ya miembe, mahali ambapo Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone mwaka 1871. Ni kumbukumbu halali. Hata hivyo, tukiishia hapo, tutakuwa tumesoma ukurasa mmoja tu wa historia ya mji huu wa mpakani.

Katika karne ya 19, Ujiji ulikuwa lango la Ziwa Tanganyika. Watu waliotekwa ng'ambo, katika nchi ambayo leo ni Kongo, walivushwa ziwa, wakaunganishwa na misafara ya pembe za ndovu, wakatembezwa kwa miguu kupitia Tabora hadi Bagamoyo, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Wengi hawakufika. Wazao wa waliovuka ziwa ni majirani zetu leo, Wakristo kwa Waislamu.

Kwa njia hiyohiyo, ikielekea upande wa pili, Injili ilitufikia. Wamisionari wa Afrika, wana wa Kardinali Lavigerie, waliwasili Ujiji Januari 1879 wakitokea Bagamoyo. Mwaka 1885 walipokea kituo cha Karema, kusini katika mwambao huohuo. Huko ndiko alikotumikia Adrian Atiman: alitekwa utotoni Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, kisha akawa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Aliyeuzwa kama bidhaa aliwahudumia wagonjwa kwa zaidi ya nusu karne.

Hapo ndipo penye fundisho. Urithi wa Ujiji si mnara na miembe pekee. Ni ushuhuda kwamba hakuna bei inayoweza kufuta hadhi ya mtu aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Mtoto anayechukuliwa kijijini kwa ahadi ya shule, kisha akatumikishwa mjini bila ujira, anapitishwa katika njia ileile. Ndiyo maana kila tarehe 8 Februari, kumbukumbu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, Kanisa husali dhidi ya biashara haramu ya binadamu.

Basi, katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu, tuwasimulie watoto historia hii yote. Na mtoto wa jirani anapoondoka kwenda mbali, tuulize: anakwenda kwa nani, na atarudi lini?