Kongosho Linapojimeng'enya Wakati wa Ujauzito

Nyuma ya tumbo la chakula imelala tezi yenye urefu wa sentimita 15 hivi, iitwayo kongosho. Tezi hiyo hutengeneza insulini, na pia humimina katika utumbo mwembamba vimeng'enya vya kuvunjavunja wanga, mafuta na protini. Vile vya protini hutoka vikiwa vimelala, vikaamshwa utumboni. Vikiamka kabla ya kufika huko, kongosho huanza kujimeng'enya lenyewe, kama alivyoeleza Hans Chiari wa Prague mwaka 1896.

Ujauzito huyaandalia maradhi hayo njia. Homoni ya estrojeni huzidisha kolesteroli katika nyongo, nayo projesteroni huulegeza mfuko wa nyongo hata ukachelewa kujikamua. Nyongo iliyotuama hufanya vijiwe. Kilicho kidogo ndicho cha kuogopwa zaidi, kwani huweza kuteleza hadi pale mfereji wa nyongo unapokutana na ule wa kongosho, kikaziba mlango. Kwa wanawake wachache chanzo ni mafuta ya damu, ambayo hupanda sana katika miezi mitatu ya mwisho.

Ugonjwa wenyewe ni adimu. Hukisiwa kumpata mjamzito 1 kati ya 1,000 hadi 10,000. Uadimu huo ndio mtego. Mama hushikwa na maumivu makali ya chembe cha moyo yanayopenya hadi mgongoni, kisha hutapika. Na ni nani atakayeshangaa mjamzito akitapika? Lakini maumivu yasiyotulia kwa saa kadhaa si sehemu ya ujauzito. Kifafa cha mimba nacho huweza kutanguliwa na maumivu mahali papo hapo, kwa hiyo shinikizo la damu na mkojo hupimwa bila kukawia.

Katika damu hutafutwa vimeng'enya vya amilasi na lipasi. Kimojawapo kikizidi mara tatu ya upeo wa kawaida, pamoja na maumivu ya namna hiyo, ugonjwa umetambulika. Si kila kipimo cha damu kinachoaminika wakati huu: fosfatasi ya alikali, ambayo kwa wengine huashiria mfereji wa nyongo ulioziba, kwa mjamzito hupanda kwa sababu kondo la nyuma nalo huitengeneza. Vijiwe hutafutwa kwa mawimbi ya sauti, yasiyomdhuru mtoto.

Hakuna dawa ya kuvirudisha usingizini vimeng'enya vilivyokwisha kuamka. Mgonjwa hutiwa maji mshipani, hutulizwa maumivu, na hulazwa ubavu wa kushoto ili mji wa mimba usiubane mshipa mkuu urudishao damu moyoni. Zamani alifungishwa chakula kwa siku nyingi. Leo hulishwa mapema, mara awezapo kula.

Wengi hupona kwa matunzo hayo. Kijiwe kikiwa ndicho chanzo, mfuko wa nyongo hufaa kuondolewa, na miezi mitatu ya kati ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi ya upasuaji. Anayerudishwa nyumbani na vijiwe vyake huenda akarejea hospitalini, na maumivu yale yale, kabla hajajifungua.