Uvira: Aliyeandika ni nani? Jina la kweli lasaidia kazi kuonekana kwenye Google

Mwezi wa Oktoba 2015, jarida la tiba PLOS Medicine lilichapisha utafiti juu ya jambo ambalo wakaaji wa Uvira walikuwa wakiliishi: maji ya bomba yakikatika, siku zinazofuata wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu wanaongezeka. Watafiti walilinganisha maji yaliyotolewa mjini na hesabu ya wagonjwa waliopokelewa kwenye kituo cha matibabu kati ya 2009 na 2014. Walikadiria kwamba karibu robo ya wagonjwa hao walihusiana na siku ambazo maji hayakutosha.

Utafiti huo una majina ya waandishi 10. La kwanza ni Aurélie Jeandron, na la pili ni Jaime Mufitini Saidi, wa huduma za afya Uvira. Kwa kuwa jina lake liko pale, anayelitafuta kwenye intaneti anaukuta utafiti, na anayeukuta utafiti anajua kwamba Uvira ina watu wanaolifahamu tatizo la mji wao.

Kwenye kurasa za kampuni na mashirika mengi, mambo huwa kinyume. Makala kuhusu maji, uvuvi wa ndagala au mikopo inatiwa sahihi ya "Admin", "Redaksio", ao jina la shirika tu. Muuguzi ao fundi aliyeleta maarifa hajulikani. Akiacha kazi, hana cha kumuonyesha mwajiri mwengine.

Malalamiko hayo yamefika hata chuoni. Mwaka 2020, watafiti wa Kongo na wa Ubelgiji walitoa kitabu La série Bukavu, kinachoeleza namna wasaidizi wa utafiti wanavyokusanya habari katika maeneo ya hatari, kisha majina yao yanapotea wakati wa kuchapisha.

Google nayo imeligusa suala hili. Kuanzia 2011 ilijaribu kuonyesha waandishi kwenye matokeo yake, halafu mwaka 2014 ikaachana na mpango huo. Mwezi wa Desemba 2022 iliongeza neno "uzoefu" kwenye vigezo ambavyo wakaguzi wake wanatumia kupima ubora wa kurasa: je, aliyeandika ameyaishi anayoyasema? Inashauri pia wenye kurasa waonyeshe wazi nani ameandika, pale ambapo msomaji angetaka kujua.

Hiyo haina maana kwamba jina peke yake linapandisha ukurasa juu. Kinachosaidia ni kile kinachofuatana na jina: maelezo mafupi ya kazi ya mwandishi, makala zake nyingine, na watu wengine wanaomtaja. Mhandisi wa maji anayeandika kuhusu mabomba ya Mulongwe ana jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kuliiga.

Kubuni mwandishi ni hatari. Mwezi wa Novemba 2023, gazeti la Marekani Sports Illustrated liliumbuka baada ya kugunduliwa kwamba baadhi ya makala kwenye ukurasa wake zilikuwa na majina ya watu wasiokuwepo, na picha zao zilitengenezwa na kompyuta. Makala hizo ziliondolewa, lakini aibu ilibaki.

Hapa Kivu Kusini kuna upande mwengine ambao washauri wa Ulaya na Marekani hawautaji sana. Jina linaweza kumuweka mtu hatarini. Waandishi wawili wa Radio Okapi waliuawa Bukavu: Serge Maheshe mwezi wa Juni 2007, na Didace Namujimbo mwezi wa Novemba 2008. Anayeandika kuhusu silaha, ardhi ao pesa za umma ana haki ya kuulizwa kwanza kama anataka jina lake litokee.

Akikataa, shirika linaweza kusema wazi kwamba jina limefichwa kwa ajili ya usalama, na kutaja kazi yake bila kumtambulisha. Msomaji ataelewa. Lakini makala juu ya kunawa mikono, bei ya samaki ao kuchemsha maji haina sababu ya kufichwa nyuma ya "Admin". Kipindupindu kinaporudi, mama wa Kalundu anayesoma kwenye simu anastahili kujua kama anayemshauri ni muuguzi wa mji wake ao ni mtu asiyewahi kuiona Uvira.